Az-Zahrawi, Tabibu wa Qurtuba

Mzazi wa Diani au Msambweni aliyepata kurudi nyumbani na mtoto aliyekatwa mafindofindo anaujua usiku wa kwanza ulivyo. Mtoto hali, hanywi, hata mate yake anaogopa kuyameza. Mama ameshika kikombe, baba anatafuta dawa, na bibi anauliza kwa nini hakupelekwa kwa mkata vimeo kama zamani, ijapokuwa kimeo na mafindofindo ni vitu viwili mbalimbali. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Lakini yuko tabibu mmoja Mwislamu, aliyeishi miaka elfu moja iliyopita, aliyeandika habari za koo hilo kwa uangalifu ambao hata leo unatufaa. Na tumkumbuke.

Jina lake ni Abul Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi. Wazungu walimwita Albucasis. Alizaliwa yapata mwaka 936, katika Madinat az-Zahra, mji uliojengwa na Khalifa Abdul-Rahman wa Tatu nje ya Qurtuba, katika Andalusi ambayo leo ni Hispania. Kwa mji huo akapata lakabu yake, na nasaba yake ilihesabiwa katika Maansari wa Madina. Qurtuba ya siku hizo ilikuwa na misikiti, mabafu na maktaba ambazo miji ya Ulaya haikuwa na mfano wake.

Habari za maisha yake ni chache, kwani hakuwa mtu wa kujisifu. Inasemekana alitumikia katika jumba la Khalifa Al-Hakam wa Pili. Lililo wazi ni kwamba alitibu na kufundisha kwa muda wa miaka hamsini hivi, na karibu na mwaka 1000 akakamilisha kitabu kikubwa, At-Tasrif, chenye sehemu thelathini. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, nayo ina michoro ya vyombo vipatavyo mia mbili: visu, kulabu, koleo na misumeno. Wanafunzi wake aliwaita wanawe.

Zama zile kazi ya kupasua ilidharauliwa, ikaachiwa watu wasio na elimu. Az-Zahrawi lilimsikitisha hilo. Alisimulia jinsi alivyomwona tabibu mjinga akipasua uvimbe wa shingo ya mwanamke, akakata mishipa ya damu, na mwanamke yule akafa papo hapo mbele yake. Kwa hiyo akasisitiza kwamba mwenye kushika kisu sharti kwanza aujue mwili ulivyoumbwa.

Kuhusu mafindofindo, jambo la kwanza alilofundisha ni kujizuia. Yakiwa mekundu na yamevimba, na shina lake ni nene, alikataza kukata kwa kuchelea damu. Yakiwa meupe, ya mviringo, na shina lake ni jembamba, ndipo aliporuhusu. Mgonjwa aliketishwa akielekea jua, kinywa wazi, na msaidizi akaukandamiza ulimi kwa chombo chembamba cha fedha au shaba. Tabibu akalivuta findo kwa kulabu na kulikata kwa chombo mfano wa mkasi.

Kisu kilipotoka kinywani, kazi haikuwa imekwisha. Mgonjwa alisukutua kwa maji baridi, au maji yenye siki. Damu ikitoka, alisukutua kwa maji yaliyochemshiwa maganda ya komamanga au majani ya mhadasi, mpaka ikome. Na katika kitabu hichohicho aliandika habari za kijiji kimoja ambako wanaume, wakipata jeraha dogo, hutokwa na damu mpaka wafe, na kijana mmoja aliyesugua ufizi tu akafa. Hayo ni maradhi ya kurithi. Ndiyo sababu daktari wa leo humwuliza mzazi, kabla ya kumpasua mtoto, kama katika ukoo wao yuko mtu ambaye damu yake haigandi upesi. Msomaji, ukiulizwa, usione haya kusema.

Az-Zahrawi hakuwa na dawa ya usingizi wala ya maumivu kama tulizonazo. Sisi tunazo, na hatari yetu ni kuzitumia vibaya. Maumivu ya koo hudumu wiki moja hata mbili, na mara nyingi huzidi baada ya siku ya tatu, hata mtoto akalalamika sikio. Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mtoto, miligramu 15 kwa kila kilo moja, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 20, basi, ni miligramu 300. Apewe kwa saa zake siku za mwanzo, asingojewe mpaka alie, na ipimwe kwa kipimo kilichokuja na chupa, si kwa kijiko cha jikoni. Ibuprofeni apewe kwa shauri la daktari. Aspirini asipewe kabisa.

Nayo kodeini, ambayo zamani ilitolewa sana, sasa imekatazwa kwa watoto waliokatwa mafindofindo. Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2013, baada ya watoto kadhaa kufa kwa kukatikiwa na pumzi. Miili ya watu wengine huigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi mno, na watu wa namna hiyo ni wengi zaidi Uhabeshi na katika baadhi ya nchi za Waarabu. Sisi watu wa pwani, tuliochanganya damu na bahari yote hiyo, hatuna sababu ya kulipuuza onyo hilo.

Mtoto na anywe maji, maji ya madafu, uji uliopoa, hata barafu za kunyonya, ila zisiwe nyekundu zikafanana na damu. Akitema damu mbichi, ijapokuwa kidogo, na hasa kati ya siku ya tano na ya kumi, apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana. Komamanga la Az-Zahrawi lilikuwa la wakati wake.

Mwisho wa maisha yake Andalusi iliingia fitina, na Madinat az-Zahra ikaporwa na kuchomwa. Yeye alifariki yapata mwaka 1013, sawa na 404 Hijria. Mji uliomlea ukawa magofu, lakini kitabu kilisalia. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri kwa Kilatini, na waganga wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Mwenyezi Mungu amrehemu.