Mwalimu Nyerere: Mtawala Mwema na Sheria Njema

Wako wengi kati yetu wanaodhani kwamba nchi ikipata kiongozi mwema, basi mambo yamekwisha. Maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere yatufundisha kwamba wema wa mtawala ni jambo kubwa, lakini hautoshi.

Alizaliwa Butiama mwezi wa Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, akaendelea Tabora, kisha Makerere mwaka 1943. Huko alisoma vitabu vya Mwingereza John Stuart Mill, mtetezi wa uhuru wa kila mtu na haki za wanawake, akaandika insha juu ya hali ya wanawake wa kabila lake. Baada ya kufundisha Tabora alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi na shahada mwaka 1952, akafundisha Pugu. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 alikuwa Rais wake, na mwaka uliofuata akaacha ualimu.

Msingi wa mawazo yake ulikuwa usawa wa binadamu. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu alikataa, akawaambia kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kutunga sheria ya kubagua watu kwa rangi zao.

Aliamini pia kwamba wazee wetu walikaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakapatana, bila kugawanyika vyama. Kwa hiyo Katiba ya Muda ya 1965 ilisimamisha chama kimoja. Hata hivyo wananchi waliachiwa kuchagua: katika majimbo mengi wana-TANU wawili walishindana, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, na hata mawaziri waliangushwa.

Lakini tuseme na upande wa pili. Sheria ya mwaka 1962 ilimruhusu Rais kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuhamia vijijini ni amri, na mahali pengine nchini nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wahame. Sisi tuliokuwa watoto siku zile tuliwasikia wazazi wakinong'ona, maana hawakujua pa kupeleka shauri lao. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza mwaka 1966, ilipokea malalamiko, lakini haikuwa mahakama. Rais alikuwa mtu mwadilifu, asiyejitajirisha, na bado mnyonge aliweza kuonewa na wakubwa waliotumwa kwa jina lake. Hapo ndipo tunapoona haja ya sheria.

Mwaka 1984 Katiba ya 1977 ilirekebishwa. Haki za binadamu ziliandikwa ndani yake, na Rais akawekewa mwisho wa vipindi viwili. Tangu mwaka 1988 mwananchi aliweza kuzidai haki hizo mahakamani. Mwalimu mwenyewe aling'atuka Novemba 1985, akamkabidhi nchi Ali Hassan Mwinyi kwa amani.

Mwaka 1991 tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliwauliza wananchi juu ya vyama vingi. Karibu watu 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee. Mwalimu, aliyekijenga chama hicho, aliunga mkono mabadiliko, kwa kuwa aliona chama kisichoshindana na mtu hulegea. Sheria ikapita mwaka 1992. Mwaka 1995 alitetea hata haki ya raia asiye na chama kugombea uongozi. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Tuwafikirie wale 20 katika kila 100. Kama haki ingepimwa kwa wingi wa watu tu, wasingepata kitu. Demokrasia ni wengi kuamua, na sheria ni kumlinda hata yule mmoja aliyebaki peke yake. Moja bila nyingine huchechemea.

Basi ndugu zetu wa Manyoni, Itigi, Iramba na Singida mjini, tusingoje mwema mwingine azaliwe. Tutafute nakala ya Katiba, tusome Ibara ya 12 na zinazofuata, tuwasomee na wasiojua kusoma. Mkutano wa kijiji ukiitishwa twende, tuombe mapato na matumizi yasomwe mbele ya wote. Nasi tulio katika halmashauri za kanisa, muda wetu ukiisha tukabidhi daftari na funguo bila kusukumwa. Kiongozi mwema haoni haya kukaguliwa.