Bwana Afya Aliyejua Kututisha

Tangu semista hii ianze nimeangalia filamu tano za kutisha, na sijaogopa hata moja. Nimeshtuka, ndiyo, lakini kushtuka siyo kuogopa. Mlango ukibamizwa hosteli usiku wa manane unashtuka vilevile, na hujalipia bando. Ukishaona The Conjuring ya 2013 umeshaona na zile zilizofuata: nyumba mpya, familia yenye furaha, mwanasesere, kelele, msalaba, kwisha. Tamthilia ndiyo balaa zaidi. Wale ndugu wawili wa Supernatural walianza 2005 wakiwinda mizuka ya barabarani, na kazi ilikuwa nzuri. Kufikia msimu wa 15, mwaka 2020, walishagombana mpaka na Mungu mwenyewe. Sasa mtu wa namna hiyo utamtisha na nini tena?

Na sisi hapa Bongo tuliwahi kuwa na njaa ya kazi hizi. Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta miaka ile ya 2000 mwanzoni, kamera mbovu, sauti inakoroma, lakini kibanda umiza kilijaa mpaka watu wakachungulia dirishani. Siku hizi picha ni safi kama kioo na hofu haipo. Jini anatokea mchana kweupe, anapigiwa muziki, anaeleza mipango yake yote, halafu moshi unafuka.

Katika hasira hizo nimemrudia mzee mmoja ambaye hakuwahi kushika kamera. Wengi wetu tunamjua kwa jina la kitabu tu, tulikiona sekondari na kukipita. Anaitwa Mohamed Said Abdulla.

Alizaliwa 1918 Makunduchi, kusini mwa Unguja, huko huko kwenye Mwaka Kogwa. Alimaliza masomo ya sekondari 1938 na kuajiriwa serikalini kama mkaguzi wa afya, yaani bwana afya. Kwa miaka kama kumi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Naomba tusiipite haraka. Bwana afya ni mtu anayeingia pasipoingiwa na wageni: uani, jikoni, chooni, kisimani. Watu wakisema nyumba fulani ina mkosi kwa sababu watoto wanakufa, yeye anauliza maji yanachotwa wapi. Sisemi kwamba aliandika hivyo mahali fulani. Nasema tu kwamba nikisoma riwaya zake namwona mtu aliyezoea kufunua mfuniko kabla ya kuamini uvumi.

Mwaka 1948 aliacha ukaguzi akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Akapitia pia Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu akiwa mhariri msaidizi, na kuanzia 1958 akahariri Mkulima, gazeti la kilimo, hadi alipostaafu 1968. Hesabu miaka hiyo uone: Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta kwenye meza ya gazeti la kilimo.

Kabla hajafika Mkulima alikuwa ameshaandika hadithi na kuipeleka kwenye mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957/58. Ikashika nafasi ya kwanza. Mwaka 1960 ikatoka kitabu: Mzimu wa Watu wa Kale. Mashujaa wake ni Bwana Msa, mpelelezi asiye na cheo wala bunduki, na rafiki yake Najum, anayeachwa nyuma kila hatua. Ukimfahamu Sherlock Holmes na Dakta Watson utawatambua mara moja, mpaka kiko. Ila Abdulla aliwavua koti la London akawakalisha barazani Unguja, na wakatulia kama wamezaliwa pale.

Maiti ya tajiri inakutwa mzimuni. Basi. Hakuna kinachofuka, hakuna anayecheka gizani. Mahali penyewe panajulikana, watu wanapaheshimu, wanapeleka vitu vyao pale, na hakuna anayetaka kuuliza maswali mengi juu ya aliyefia hapo. Hiyo ndiyo hofu yenyewe, na muuaji anaitegemea. Anajua kwamba ukimlaza mtu kwenye mzimu, nusu ya mji itafunga midomo bila kuhongwa. Mimi kilichonikosesha usingizi siyo mzimu. Ni kuwaza kwamba kuna binadamu aliyekaa chini akapiga hesabu na imani za jirani zake. Jina lake sitalitaja, nenda kasome.

Mwaka 1968 akatoa Kisima cha Giningi. Waliokulia visiwani wanajua Giningi ni nini: mji wa wachawi usioonekana, ambao watu huusimulia kwa sauti ya chini. Jina peke yake linatosha kumfanya msomaji achelewe kuzima taa. Na Abdulla anafanya mchezo ule ule, anaweka jina la wachawi juani halafu anamtafuta mtu mwenye mikono.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linanikera kuliko linavyostahili filamu mbovu. Mimi natoka Ushirombo, wilaya ya Bukombe, ambayo ilikuwa Shinyanga mpaka mkoa wa Geita ulipoanzishwa 2012. Kwetu mchawi wa kwenye sinema ana sura inayofahamika: bibi kizee, peke yake, macho mekundu. Na kwetu bibi vizee wenye macho mekundu ni wengi, kwa sababu wamepikia kuni na mavi ya ng'ombe ndani ya vibanda visivyo na dirisha kwa miaka hamsini. Moshi ndio umeyafanya mekundu. Kwa sababu ya macho hayo, vikongwe wa Usukumani wamekatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao, mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi ukichimba unakuta nyuma yake kuna shamba, au urithi, au mganga aliyelipwa.

Na siyo vikongwe tu. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino, mtoto wa Bukombe hii hii. Ilikuwa hukumu ya kwanza nchini kwa mauaji ya aina hiyo. Kulikuwa na watu walioamini kwamba kiungo cha mtoto kinaleta dhahabu, na kulikuwa na watu waliouza imani hiyo kwa bei.

Mtaani kwetu kulikuwa na bibi mmoja ambaye watoto walianza kumwita kwa jina la mchawi wa tamthilia fulani. Mwanzo ilikuwa utani. Mwezi wa pili kuku wa jirani wakafa, na utani ukabadilika sauti. Mwanawe alikuja na bodaboda akamchukua, akampeleka Kahama, na nyumba ikabaki na kufuli. Nikimwangalia jini wa kompyuta akipasua ukuta nacheka. Kamera ikimvuta kwa karibu bibi mwenye macho mekundu na muziki ukashuka, pale sicheki. Filamu ileile inashindwa kunitisha mimi chuoni, halafu inafanikiwa kabisa kule nyumbani, kwa mtu ambaye hata haijamlenga.

Simpambi Abdulla. Bwana Msa anaongea mno, Najum ni mzito kupita kiasi, na siri za nani mtoto wa nani zinarudiwa hadi unaanza kubashiri. Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974) zinakwenda mbio, Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976) zinahitaji uvumilivu. Kosa la Bwana Msa ilitoka 1984, akiwa na umri wa miaka 66. Alifariki 1991.

Miaka minne baadaye, 1995, Popobawa alivuma Pemba na Unguja. Watu wakalala nje kwa makundi wakiwasha moto, na katika taharuki ile mgonjwa wa akili mmoja akauawa na umati uliodhani ndiye. Bwana Msa hakuwepo wa kuuliza nani alianza kusema, na alikuwa anasema nini siku moja kabla.

Anayetaka kuanza, aanze na Mzimu, siyo Kosa. Nakala iliyopo maktaba haina jalada na imeshikwa na gundi mgongoni, ila kurasa zote zipo. Nimeirudisha Jumatatu.