Solomon Mahlangu: Mazimbu ilimtunuku kabla ya nishani

Leo tumzungumzie jamaa ambaye jina lake tunalitaja kila siku, ila tukibanwa tumweleze tunaanza kujiumauma. Kila anayeishi Mazimbu anajua kampasi ya SUA pale inaitwa Solomon Mahlangu. Nimewauliza vijana kadhaa kijiweni ni nani huyo, wengi wakanijibu labda alikuwa profesa. Hapana jamani. Alikuwa mpiganaji, na alinyongwa akiwa na miaka 22 tu.

Alizaliwa Pretoria tarehe 10 Julai 1956, akakulia Mamelodi. Baba aliondoka nyumbani mapema, mama yake, Martha, ndo akabaki na mzigo wa malezi. Shule hakumaliza, maana mwaka 1976 moto wa Soweto ulisambaa na masomo yakavurugika. Septemba mwaka huo akajiunga na ANC, akatoroka nchi, akapitia Msumbiji mpaka Angola kwenye mafunzo ya Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC.

Juni 1977 akarudi kwao kwa kupitia Swaziland, siku hizi Eswatini. Alikuwa na wenzake wawili, Mondy Motloung na George Mahlangu aliyeitwa Lucky, wamebeba silaha na vipeperushi. Tarehe 13 Juni wakashtukiwa Johannesburg. Kwenye purukushani za mtaa wa Goch, Motloung akafyatua risasi, raia wawili wakafa. Lucky akachomoka. Motloung alipigwa hadi ubongo ukaharibika, ikaonekana hawezi kusimama mahakamani. Akabaki Solomon peke yake kizimbani.

Hapa ndo pa kusoma taratibu. Mahakama yenyewe ilikubali kwamba aliyeua si Solomon. Ila ikasema walikuwa na nia moja, kwa hiyo kosa la mmoja ni la wote. Machi 1978 akahukumiwa kifo, akanyimwa hata ruhusa ya kukata rufaa. Dunia ikapiga kelele, makaburu wakaziba masikio. Akanyongwa tarehe 6 Aprili 1979. Hata maiti yake waliiogopa: polisi wakamzika Atteridgeville, mbali na watu wake wa Mamelodi.

Sasa Morogoro inaingiaje? Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa imeshawapa ANC shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, wajenge shule ya vijana waliokimbia baada ya Soweto. Mwaka ule ule wa 1979 shule ikapewa jina lake, ndo hiyo SOMAFCO ambayo wazee wa Moro wanaikumbuka. Kwao makabrasha ya serikali yalimwandika muuaji na gaidi. Huku, chini ya Uluguru, jina lake lilikuwa heshima. Mwaka 1992 ANC wakatukabidhi majengo, yakawa ya SUA.

Nyumbani kwao heshima ilikuja kwa kusuasua. Tarehe 6 Aprili 1993 mabaki yake yalizikwa upya Mamelodi. Mwaka 2005, miaka 26 baada ya kitanzi, Afrika Kusini ikamtunuku Nishani ya Mendi ya Ushujaa, daraja la dhahabu. Na jina la nishani hiyo nalo lina kisa. Mendi ni meli iliyozama mwaka 1917 na weusi zaidi ya 600 wa kikosi cha vibarua cha jeshi, halafu serikali yao wenyewe ikakataa kikosi hicho kipewe medali. Yupo pia Job Maseko, mateka aliyelipua meli bandarini Tobruk mwaka 1942. Alipewa Military Medal, na wapo wanaoamini rangi yake ndiyo iliyomnyima Victoria Cross.

Kuna watakaosema medali ya marehemu haimsaidii kitu. Mimi nakataa. Mtu akifa ameandikwa muuaji, lazima walio hai waje kuusahihisha mwandiko huo, hata wakichelewa. Mazimbu ilifanya hivyo mwaka ule ule, bila dhahabu. Aibu yetu ni kubaki na jina halafu tukakipoteza kisa chake. Mgeni akikuuliza Mahlangu ni nani, usimwambie profesa.

Wadau, wenye wazee waliofanya kazi SOMAFCO mwagieni kumbukumbu zenu hapo chini. Naomba kuwasilisha.