Adriano Atiman, Tabibu wa Karema

Mjini Sumbawanga, juu katika uwanda wa Ufipa, iko hospitali ya Kanisa iitwayo kwa jina la Adriano Atiman. Mama ampelekaye huko mtoto aliyevimba miguu, mwenye viganja vyeupe kwa kukosa damu, huenda hajui jina hilo ni la nani. Yafaa tulieleze.

Atiman hakuwa Mfipa. Alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu. Angali mdogo alitekwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara, akawa mtumwa. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha huko Algeria. Mwanzilishi wao, Lavigerie, aliyekuja kuwa Kardinali, alikuwa na shauri lililokuwa jipya kwa nyakati zile: vijana Waafrika wafundishwe utabibu wa kisasa pamoja na dini, kisha waingie bara kutibu na kufundisha. Basi Atiman akapelekwa Malta mwaka 1881, akasoma uganga huko, na mwaka 1888 akashika safari ya Tanganyika.

Mwaka 1889 aliwasili Karema, ukingoni mwa ziwa, akamwoa Agnesi Wansahira. Mwana wao Yosefu alipata upadre mwaka 1923. Baba yake alibaki tabibu na katekista kwa miaka 67, mtu yule yule mwenye dawa mkono mmoja na katekisimu mkono wa pili. Hakudharau miti shamba ya wenyeji, alijifunza. Alifariki Karema mwaka 1956, mzee wa miaka ipatayo 90. Jimbo la Karema lilichukua jina la Sumbawanga mwaka 1969.

Kuna maradhi ambayo Malta haikuweza kumfundisha vema. Unyafuzi ulipewa jina lake la kitabibu, kwashiorkor, mwaka 1935 na Bibi Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi katika nchi iitwayo sasa Ghana. Wakati huo Atiman alikuwa amekwisha kutibu Karema miaka 46. Jina lenyewe Bibi huyo alilipata katika lugha ya Waga: ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Akina mama ndio waliokuwa wameujua kwanza, wala si waganga.

Nao haujaondoka. Ufipa huvuna mahindi ya kulisha hata mikoa mingine. Lakini upimaji wa taifa wa 2015–16 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na ule wa 2022 ukakuta karibu nusu. Ghala limejaa, mtoto amekonda! Uji wa mahindi matupu hushibisha tumbo pasipo kujenga mwili. Na malaria na safura huja kunyonya damu ile kidogo iliyosalia.

Mtoto wa namna hii akilazwa, tiba yake humshangaza mzazi. Hapewi chakula kingi mara moja, bali maziwa maalumu, kidogo kidogo, kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, huku akifunikwa asipate baridi. Na baridi ya Ufipa si mchezo. Ingawa damu imepungua, hapewi dawa ya chuma siku za mwanzo, maana chuma huweza kuvipa nguvu vijidudu vya maradhi. Hungojewa mpaka hamu ya chakula irudi na uzito uanze kupanda. Damu huongezwa endapo tu imeshuka mno, tena polepole, kwa kuwa moyo wake dhaifu waweza kushindwa na mzigo huo. Muuguzi mwenye haraka aweza kumwua.

Kisha mtoto hurudi nyumbani, kwenye chungu kile kile. Hapo ndipo twamkumbuka Atiman, ambaye utabibu wake na mafundisho yake havikutengana. Siku hizi kazi hiyo yaweza kuanzwa na mtu wa kijijini mwenye utepe tu: mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5 apelekwe kituo cha afya siku ile ile, hata kama bado anacheka.