Nagelmackers: Aliyeifanya tiketi moja ivuke mipaka

Jina la Georges Nagelmackers halitajwi sana madarasani. Wanafunzi wetu hufunzwa habari za James Watt na mvuke wake, na za George Stephenson na injini yake, lakini mtu aliyewawezesha abiria kulala katika nchi moja na kuamka katika nchi nyingine hawamjui. Kwa maoni yangu hilo ni pengo, kwa kuwa funzo la maisha ya bwana huyu si la mitambo hata kidogo.

Nagelmackers alizaliwa mwaka wa 1845 mjini Liège, Ubelgiji, katika ukoo wa wenye benki, akasomea uhandisi. Inasimuliwa kwamba ujanani alimpenda binamu yake aliyemzidi umri, penzi hilo likakataliwa, na jamaa zake wakampeleka Marekani akasahau. Huko, katika miaka ya 1867 na 1868, aliyaona mabehewa ya kulala ya George Pullman. Vitanda vilipangwa kando ya ujia mmoja, na pazia tu ndilo lililomtenga abiria na mwenzake. Kijana alivutiwa, ila akaamua kwamba abiria wa Ulaya angetaka chumba chenye mlango.

Aliporejea alichapisha mpango wake mwaka wa 1870, lakini vita kati ya Ufaransa na Prussia vikamkatiza. Mwaka wa 1872 akaanzisha kampuni. Hapo ndipo alipotambua kuwa kutengeneza kitanda ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni mipaka. Kila shirika la reli lilikuwa na injini zake, nauli zake na ratiba yake, na hata saa za nchi hizo hazikulingana. Mara nyingi abiria wa safari ndefu aliteremka mpakani na mizigo yake usiku wa manane, akangoja garimoshi jingine.

Nagelmackers aliwaendea wakuu wa reli mmoja baada ya mwingine. Alilowaomba lilikuwa jambo dogo: wayakokote mabehewa yake kwa injini zao. Nauli ya kawaida ya daraja la kwanza ingebaki kuwa yao; kampuni yake ingejilipa kwa ada ya ziada anayotoa abiria kwa ajili ya kitanda. Msimamizi wa behewa naye angekusanya tiketi na hati za abiria jioni ili wasiamshwe mpakani. Hakumnyang'anya mtu riziki yake, na ndiyo maana milango ilimfungukia.

Haikufunguka mara moja. Fedha zilipompungukia alishirikiana na Mmarekani William Mann, kisha wakaachana, na mwaka wa 1876 akaunda upya kampuni yake ya kimataifa ya mabehewa ya kulala mjini Brussels. Tarehe 4 Oktoba 1883, wageni aliowaalika waliondoka Paris kwa shangwe katika garimoshi lililokuja kujulikana duniani kote kama Orient Express. Lilipita Strasbourg, Munich, Vienna, Budapest na Bucharest hadi ukingo wa mto Danube. Wakavuka mto kwa chombo, wakapanda garimoshi jingine hadi Varna, na kumalizia safari kwa meli hadi Constantinople. Reli ya moja kwa moja ilikamilika mwaka wa 1889.

Hata hivyo, si haki kumpamba mtu kwa mema pekee. Vitanda vyake vilikuwa vya matajiri. Mkulima aliyeyaona mabehewa hayo yakipita hakuota kuyapanda. Isitoshe, mlezi mkuu wa kampuni yake changa alikuwa Mfalme Leopold wa Pili, yule yule ambaye baadaye aliigeuza Kongo kuwa shamba lake na kuwamwagia watu wake damu. Mwalimu anayesimulia habari za magarimoshi hayo ya fahari asilifiche hilo.

Nagelmackers alifariki mwaka wa 1905 huko Villepreux, Ufaransa. Miaka 9 baadaye vita vikuu vikazuka na garimoshi lake maarufu likasimama, kwani mapatano yakivunjika reli hubaki chuma tu. Nayo kejeli ya historia ni kwamba mkataba wa kusimamisha vita hivyo, mwaka wa 1918, ulitiwa sahihi ndani ya behewa la kampuni yake, nambari 2419.

Mwanafunzi wetu aliyejaliwa kusoma Ulaya leo atakutana na kivuli cha bwana huyu kila akatapo tiketi ya usiku. Hata akiwa na pasi ya reli inayomruhusu kuzunguka nchi nyingi, kitanda hulipiwa ada yake pekee, na kwa kuwa vitanda vina idadi, anayechelewa hukosa. Lakini pia ataona urithi uliopungua. Safari ikipitia mashirika kadhaa, mara nyingi hulazimika kununua tiketi mbalimbali, na garimoshi la kwanza likichelewa, anaweza kuachwa na la pili na hasara ikawa yake. Kompyuta zipo, sarafu moja ipo katika nchi nyingi, na ukaguzi wa mipaka umepungua sana. Kinachokosekana ni kile alichokitafuta Nagelmackers kwa miguu yake, yaani kukubaliana.

Ndiyo maana nashikilia kuwa astahili nafasi katika vitabu vyetu. Tumezoea kuwafundisha watoto kwamba maendeleo huletwa na anayebuni mashine. Tuwafundishe pia kwamba yapo maendeleo yanayoletwa na anayeketi na majirani wasioaminiana, akamwachia kila mmoja haki yake, kisha akapata njia ya wote. Kidole kimoja hakivunji chawa, na reli ya nchi moja haimfikishi msafiri mbali.