Bibi Cameron na Picha Zenye Ukungu

Wapiga picha wa ridhaa, yaani wale wanaopiga picha kwa mapenzi yao wala si kwa kutafuta riziki, wana desturi moja popote walipo. Wakikutana huonyeshana picha, na wakishaonyeshana huanza kuambiana makosa: hii imepinda, hii haina mwanga, hii lenzi yake haikufaa, hii haikuwekwa fokasi sawasawa ndiyo maana ina ukungu. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo miaka mingi. Nimewaona vijana wenye kipaji wakizifungia kamera zao kabatini kwa sababu ya neno moja la mkubwa wao. Nimewaona na wengine wasiokubali kuambiwa lolote, na kosa walilokuwa nalo mwaka wa kwanza wangali nalo hadi leo.

Ni kwa ajili ya makundi yote mawili napenda kusimulia maisha ya Julia Margaret Cameron, mwanamke aliyeshika kamera kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 48, akachekwa na mabingwa wa zama zake, na leo mabingwa hao hawakumbukwi ilhali yeye anakumbukwa.

Bibi Cameron alizaliwa Calcutta, Bara Hindi, tarehe 11 Juni 1815. Baba yake alikuwa Mwingereza mwenye cheo katika Kampuni ya East India, na mama yake alikuwa wa asili ya Kifaransa. Alilelewa Ufaransa, kisha akarudi India. Mwaka 1836 alikwenda Rasi ya Tumaini Jema kupumzika baada ya kuugua, na huko akakutana na watu wawili waliobadili maisha yake. Wa kwanza ni Charles Hay Cameron, mwanasheria aliyemzidi umri kwa miaka ishirini, ambaye alimwoa mwaka 1838. Bwana huyu alikuwa mmoja wa tume iliyotunga sheria ya jinai ya India, sheria ambayo baadaye ililetwa hata kwetu Kenya na kutumika mpaka mwaka 1930. Wa pili ni Sir John Herschel, mwanafalaki aliyekuwa huko akizichunguza nyota za kusini. Herschel ndiye aliyegundua dawa ya kuifanya picha isifutike, na miaka michache baadaye alikuwa akimpelekea Bibi Cameron barua na vielelezo vya sanaa hiyo iliyokuwa changa.

Mwaka 1848 familia ilihamia Uingereza, na mwaka 1860 wakakaa Freshwater, katika Isle of Wight, kisiwa kilichoko kusini mwa nchi hiyo. Mumewe alikuwa na mashamba ya kahawa Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, na mara kwa mara alisafiri kwenda kuyaangalia. Watoto walikuwa wamekua, nyumba imekuwa kimya. Mnamo Desemba 1863 binti yake na mkwewe walimletea zawadi ya kamera, ili apate cha kumliwaza katika upweke wake.

Msomaji asidhani kuwa kamera hiyo ilikuwa ya kutia mfukoni. Ilikuwa sanduku kubwa la mbao lililosimamishwa juu ya miguu mitatu, wala filamu haikuwako. Mpiga picha alichukua kioo, akakipaka dawa nzito iitwayo kolodioni, akakichovya katika maji yenye madini ya fedha, akakitia ndani ya kamera kingali kibichi. Baada ya kupiga, alikimbilia chumba cha giza akisafishe kabla hakijakauka. Kisha kilioshwa kwa maji mengi, kikapakwa vanishi, na hapo ndipo ilipopatikana negativu, yaani kioo chenye picha iliyogeuka, peupe pakiwa peusi. Mwisho karatasi iliyopakwa ute wa yai iliwekwa chini ya kioo hicho na kuanikwa juani mpaka picha itokee.

Bibi Cameron aligeuza ghala la makaa kuwa chumba cha giza, na banda la kuku lenye vioo likawa studio. Picha yake ya kwanza, ya mkulima wa hapo kijijini aliyemlipa ili akae atulie, aliifuta mwenyewe kwa kupitisha mkono juu ya dawa iliyokuwa haijakauka. Hakukata tamaa. Mnamo Januari 1864 alimpiga mtoto wa kike aitwaye Annie, na picha ikatoka. Siku hiyo hiyo aliisafisha, akaichapa, akaitia fremu na kumkabidhi baba wa mtoto. Tangu hapo aliihesabu kuwa ndiyo picha yake ya kwanza iliyofaulu.

Sasa tuje kwenye lenzi, maana hapa ndipo ugomvi ulipoanzia. Lenzi yake ya kwanza ilitengenezwa na fundi wa Kifaransa, Jamin. Ilikuwa na tundu pana, na lenzi ya tundu pana huingiza mwanga mwingi, lakini huonyesha wazi sehemu nyembamba tu ya kile kilicho mbele yake. Ukimsogelea mtu karibu, jicho lake huonekana wazi na sikio lake huingia ukungu. Wenye kamera za leo wanalijua jambo hili: fungua lenzi yako mpaka 1.8, msogelee mwenzio, utaliona mara moja.

Wala si jambo geni kwa wanazuoni wetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufariki Cairo kiasi cha mwaka 1040, aliandika risala kuhusu umbo la jua linapopatwa. Alieleza kuwa mwanga wa jua hilo ukipita katika tundu dogo na kuangukia ukutani, huonekana umbo kama la mwezi mwandamo. Lakini tundu likiwa pana, umbo hilo hupotea na kubaki duara tu. Ibn al-Haytham hakuwa na lenzi katika tundu lake, lakini kwa lenzi pia mpiga picha huchagua vivyo hivyo: tundu dogo, picha wazi na mwanga haba, tundu pana, mwanga tele na ukungu.

Wapiga picha wa London walichagua uwazi. Kwao picha nzuri ilikuwa ile ambayo kila kishikizo cha koti huweza kuhesabiwa. Bibi Cameron aliizungusha lenzi mpaka sura ikawa nzuri machoni pake, akasimama hapo hapo, hata kama wengine wangeendelea kuizungusha. Aidha alimsogelea mtu mpaka uso ukajaa kioo kizima, akapunguza madirisha ili mwanga uje wa upande mmoja, na akawakalisha watu dakika kadhaa bila kutikisika. Aliyetikisika alitoka na ukungu zaidi. Baadaye alipata kamera kubwa kuliko ya kwanza, yenye kioo cha inchi 15 kwa 12, na lenzi ya Dallmeyer wa London. Kwa ukubwa huo, sura ya mtu ilikaribia ukubwa wake wa kweli.

Mwaka 1864 alijiunga na Chama cha Wapiga Picha cha London, akapeleka kazi zake katika maonyesho. Magazeti ya fani hiyo hayakumhurumia. Yalisema hajui kuweka fokasi, vioo vyake vina alama za vidole na mikwaruzo, na kwamba anaharibu fani kwa uzembe. Wengine walikiri kuwa ana jicho la msanii, lakini wakashikilia kuwa hajajifunza kazi. Berlin, kwa upande wake, ilimtunuku medali ya shaba mwaka 1865, na baadaye ya dhahabu. Jumba la makumbusho la South Kensington lilinunua picha zake mwaka huo huo wa 1865, na mwaka 1868 likampa vyumba viwili vya kufanyia kazi.

Je, mama huyu alikuwa mkaidi asiyesikia la mtu? Sivyo. Alisikia, ila alichagua wa kumsikia. Alipata somo kwa David Wilkie Wynfield, mchoraji aliyekuwa naye akipiga picha kwa ridhaa, na alikiri waziwazi kuwa anamwia deni. Mchoraji mwingine, George Frederic Watts, alipelekewa picha zenye kasoro ili azikosoe, na zile nzuri zikawekwa kwa kuuzwa. Naye Herschel alizipima picha zake kwa jicho la mtaalamu na rafiki. Alipojua kuwa bibi huyu anaoshea vioo kwa sianidi, ambayo ni sumu kali, na kuiacha imwagike mikononi, alimwandikia upesi kumwonya asije akajiua.

Kwa jicho lake hilo aliwapiga wakubwa wa zama zile: mshairi Tennyson aliyekuwa jirani yake, Herschel mwenyewe mwaka 1867, na mwanasayansi Darwin mwaka 1868. Mtumishi wake, Mary Hillier, alivishwa mara nyingi mfano wa Bibi Maryamu, mpaka watu wa kijiji wakamwita kwa jina hilo. Hukumu ya mambo kama hayo nawaachia wenye elimu ya dini. Mimi nasimulia historia.

Picha inayonigusa mimi kuliko zote ni za mtoto mmoja wa pande zetu hizi za Afrika. Mwaka 1868 majeshi ya Uingereza yalivamia ngome ya Magdala huko Ethiopia, na Mfalme Tewodros akajiua kuliko kutekwa. Mwanawe, Alemayehu, mwenye umri wa miaka saba, alichukuliwa akapelekwa Uingereza chini ya ulezi wa Kapteni Speedy. Mwaka huo huo alifikishwa Isle of Wight, na Bibi Cameron akampiga picha. Hazina kishikizo cha kuhesabu. Kuna macho ya mtoto yatima aliye mbali na kwao, na kwangu mimi hayo yatosha. Alemayehu alifariki mwaka 1879 akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor. Ombi la kurudisha mabaki yake kwao lilikataliwa na Kasri la Buckingham mwaka 2023.

Hata hivyo, kuna upande wa pili ambao wapenzi wake hawapendi kuutaja. Kiasi cha mwaka 1869 Bibi Cameron aligundua kuwa negativu zake zinapasuka. Si vioo, bali ule utando wa dawa wenye picha: ulikuwa ukifanya nyufa kama udongo uliokauka. Negativu 45, miongoni mwa zile alizozithamini zaidi, zilikuwa zimeharibika. Alizipeleka katika chama kile kile kilichomcheka, akaomba ushauri. Yeye alilaumu dawa alizouziwa. Wanachama walielekeza kidole kwenye unyevu wa hewa ya kisiwani. Wataalamu wa leo huona kuwa sababu kubwa ilikuwa vioo kutooshwa vya kutosha baada ya kutiwa dawa ya kuvidumisha. Yaani ule uchafu na haraka vilivyokuwa vikitajwa na wakosoaji tangu mwanzo havikuwa maneno ya husuda tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi tumepoteza pamoja naye.

Sisi wa pwani tusiicheke hewa ya Isle of Wight. Unyevu wetu huotesha kuvu ndani ya lenzi, na lenzi iliyoingia kuvu ni mgonjwa asiyepona kwa urahisi. Ihifadhi katika chombo kinachofungika vizuri, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na uifute kamera chumvi kila utokapo ufukweni.

Mwaka 1875 Bibi Cameron na mumewe walihamia Ceylon. Yasemekana katika mizigo yao walichukua majeneza yao wenyewe, kama vile baadhi ya wazee wetu wanavyoiweka sanda sandukuni mapema. Huko aliendelea kuwapiga picha wafanyakazi wa mashambani, lakini chache mno, kwani dawa zilikuwa taabu kupatikana. Alifariki tarehe 26 Januari 1879, akazikwa Bogawantalawa, na mwaka uliofuata mumewe akalazwa kando yake. Katika miaka ipatayo kumi na minne alikuwa amefanya picha zaidi ya 1,200 zinazojulikana hadi leo.

Ukungu wake uliochekwa sasa unatafutwa. Simu za leo huutengeneza kwa hesabu, zikififisha kilicho nyuma ya mtu ili uso utokeze, na watu hulipa fedha nyingi kupata simu hizo.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kamera, tunapokosoana tutenganishe mambo mawili. Mwenzio akikwambia kioo chako ni kichafu, mkono wako unatetemeka, au kazi yako huihifadhi vizuri, mshukuru na umsikie, kwani hayo ni ya ufundi na ufundi una haki na makosa. Lakini akikwambia kuwa ulichokiona hukukiona, au kuwa uzuri ni ule aliouzoea yeye, msikilize kwa adabu, kisha irudie lenzi yako uizungushe mpaka pale jicho lako litakaporidhika. Bibi Cameron alilifanya hili la pili barabara. Lile la kwanza alilichelewa, na zile negativu 45 ndizo zilizolipa gharama yake.