Sultan Khan: Mwanakijiji wa Punjab aliyewashinda mabingwa wa sataranji

Siku hizi ukiwa na simu na bando kidogo, unaweza kucheza sataranji, wengine huita chesi, na mtu wa India au Brazil huku umekaa barazani kwako. Wengi huanza kwa kupitisha muda tu, kisha hujiuliza: je, mtu wa kijijini, asiye na mwalimu wala vitabu, anaweza kufika mbali katika mchezo huu? Leo tunasimulia maisha ya mtu mmoja aliyefika.

Sultan Khan alikuwa nani?

Mir Sultan Khan alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 huko Mitha Tiwana, Punjab, eneo ambalo leo liko Pakistan na wakati huo lilikuwa sehemu ya India chini ya Waingereza. Baba yake alimfundisha sataranji akiwa mtoto wa miaka 9 hivi, kama vile hapa kwetu mzee anavyomfundisha mjukuu bao. Alipotimiza miaka 21, alikuwa akihesabiwa miongoni mwa wachezaji hodari kuliko wote Punjab.

Lakini sataranji yake ilikuwa ya Kihindi. Katika mchezo huo askari wa mbele hawaruhusiwi kuruka hatua mbili mwanzoni, na kanuni za kumficha mfalme ni tofauti na zile za Ulaya.

Alifikaje Uingereza?

Mwenye ardhi mkubwa wa Punjab, Sir Umar Hayat Khan, alikiona kipaji chake, akamchukua nyumbani kwake na kuhakikisha anajifunza kanuni za Ulaya. Mwaka 1928 Sultan Khan akawa bingwa wa India. Mwaka uliofuata Sir Umar alikwenda London kikazi, akaondoka naye.

Huko udhaifu wake ulionekana mapema. Wachezaji wa Ulaya walikuwa wamesoma vitabuni namna ya kuufungua mchezo, naye alikuwa akibuni palepale. Wachezaji wawili wa Uingereza, William Winter na Fred Yates, walimsaidia kufanya mazoezi. Baridi nayo ilimtesa, mafua na homa havikumwacha. Hata hivyo, miezi michache tu baada ya kuwasili, alitwaa ubingwa wa Uingereza wa mwaka 1929. Aliutwaa tena mwaka 1932 na 1933.

Ni ushindi gani unaokumbukwa zaidi?

Ni ule wa Hastings, katika mashindano ya mwishoni mwa 1930 na mwanzoni mwa 1931. Alimshinda José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927. Hakumshinda kwa shambulio la ghafla. Alimbana polepole, hatua baada ya hatua, mpaka mpinzani akakosa pa kupumulia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake: subira, na ustadi wa mwisho wa mchezo, kete zinapobaki chache. Anayecheza kwenye simu anaweza kuanzia hapo. Chagua michezo yenye muda mrefu badala ya ile ya dakika moja. Ukishindwa, usikimbilie mchezo mwingine. Rudia ule uliopoteza, utafute ni wapi ulikosea. Tena cheza na anayekuzidi, kama Sultan Khan alivyofanya kwa Winter na Yates.

Mwisho wake ulikuwaje?

Mwishoni mwa 1933 Sir Umar alirejea India, na Sultan Khan akarudi naye. Safari yake Ulaya ilikuwa imetegemea mfuko wa mtu mwingine, na mfuko huo ulipoondoka, mashindano makubwa nayo yakaisha. Miaka yake ya kung'ara haikufika hata mitano. Aliishi kama mkulima huko Punjab, na mwaka 1966 akafariki kwa kifua kikuu.

Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, lilipoanza kutoa rasmi hadhi ya ubingwa mkuu mwaka 1950, Sultan Khan alikuwa hai, lakini jina lake halikuwemo. Alikuja kupewa hadhi hiyo kwa heshima mwaka 2024, miaka 58 baada ya kuzikwa.